Kutoka Buyenzi hadi Kinanira: Historia ya Hitimisho na Mipaka ya Ushahidi katika Utafiti kuhusu Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya hitimisho kama sehemu ya maandishi ya utafiti kuhusu Burundi, tangu maandishi ya wasafiri wa karne ya 19 hadi mjadala wa sasa kuhusu nafasi ya Kiswahili mjini Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba udhaifu mkubwa wa hitimisho hautokani na kurudia yaliyokwisha kusemwa wala na kukosa mapendekezo, bali na kutenganishwa kwa dai na mipaka yake. Visa vinne vinajadiliwa: nadharia ya John Hanning Speke ya mwaka 1863 na matumizi yake katika utawala wa kikoloni, mjadala kuhusu orodha ya wafalme wa Burundi, ripoti ya Tume ya Kimataifa ya Uchunguzi ya mwaka 1996, na swali la iwapo yanayosemwa kuhusu Kiswahili mtaani Buyenzi yanaweza kusemwa kuhusu mtaa wa Kinanira. Inaonyeshwa kwamba mpaka wa ushahidi uliowekwa ndani ya sentensi ya dai una nafasi kubwa zaidi ya kudumu kuliko ule uliowekwa mbali nayo. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kwa waandishi, wahariri na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Mshauri wa sera anayepokea kitabu cha makala za kongamano ni nadra kusoma kurasa zote. Husoma ikisiri, kisha hufungua ukurasa wa mwisho wa makala. Anachokikuta hapo ndicho kinachoingia katika waraka wa wizara, na kutoka katika waraka huo huingia katika hotuba, katika bajeti na hatimaye katika darasa au zahanati. Hitimisho, kwa hiyo, ndiyo sehemu ya makala inayosafiri mbali zaidi, na husafiri bila kurasa zilizolitangulia.

Miongozo ya uandishi wa kitaaluma humwagiza mwandishi alirudie swali la utafiti, ayakusanye matokeo, aonyeshe mchango wake na apendekeze hatua za baadaye. Maagizo hayo ni sahihi, lakini yanalitazama hitimisho siku linapoandikwa tu. Hayaulizi linapatwa na nini baada ya kuchapishwa: nani atalinukuu, kwa lugha gani, na neno lipi litakuwa la kwanza kuachwa. Swali hilo ni la kihistoria, na Burundi ina majibu yake ya kutosha, kwa sababu katika nchi hiyo mahitimisho ya watafiti yamewahi kuamua nani atawale, mfalme ahesabiwe kuwa wa ngapi, na watu wakumbuke nini.

Katika makala haya, maneno matatu yanatofautishwa. Muhtasari unaeleza kilichofanywa na kilichopatikana. Hitimisho linaeleza kinachoweza kusemwa kutokana na kilichopatikana, na kwa uhakika wa kiasi gani. Mapendekezo yanaeleza nani afanye nini. Mara nyingi mambo hayo matatu huchanganywa katika aya moja, na mchanganyiko huo humwezesha mwandishi kuruka kutoka katika matokeo hadi katika amri bila kupita kwenye hukumu ya ushahidi, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya hitimisho.

2.0 Urithi wa kumalizia maandishi

Neno hitimisho lina nasaba katika Kiarabu, kupitia hitimu na khitima. Anayehitimu amefika mwisho wa somo, na khitima husomwa kutimiza Kurani, hasa kwa ajili ya marehemu. Katika matumizi hayo, kumaliza si kuacha tu. Ni kutimiza wajibu mbele ya mashahidi.

Washairi wa tenzi waliuelewa wajibu huo. Ilikuwa desturi katika beti za mwisho mtunzi ajitambulishe, ataje tarehe, aombe radhi kwa makosa na, mara nyingine, ataje idadi ya beti. Utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kwa mfano, unataja mwaka wake wa kutungwa, 1275 wa Hijria, yaani 1858. Desturi hiyo ina kazi ya kihariri. Idadi ya beti ikitajwa ndani ya utenzi wenyewe, mnakili wa baadaye akiongeza au kupunguza, hesabu humuumbua. Jina na tarehe humwambia msomaji kauli ni ya nani na ni ya wakati gani. Kwa maneno mengine, tamati ya utenzi ilibeba ulinzi wake yenyewe, kwa kuwa mtunzi alijua kwamba utungo wake ungepita katika mikono mingi asiyoiona.

Urithi wa pili ulifika Burundi kwa njia ya shule za Kifaransa. Katika insha ya Kifaransa, na baadaye katika tasnifu za chuo kikuu kilichoanzishwa Bujumbura mwaka 1964, hitimisho lina mikono miwili: mmoja hukusanya, mwingine hufungua swali pana zaidi. Mkono wa kufungua una faida yake, lakini una hatari pia. Unamruhusu mwandishi, katika aya ya mwisho kabisa, kupanua dai lake kuliko data yake inavyoruhusu, na msomaji mwenye haraka huukuta upanuzi huo kabla ya kitu kingine chochote.

Urithi wa tatu ni ule wa makala za kisayansi za Kiingereza, ambao uliingia katika uandishi wa kitaaluma wa Kiswahili hasa kupitia Dar es Salaam. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliundwa huko mwaka 1964, ikirithi kazi ya kamati ya lugha iliyokuwapo tangu mwaka 1930. Mtafiti wa Burundi anayeandika kwa Kiswahili leo anasimama katikati ya urithi wote huo. Anaweza kuchagua, lakini ni vyema achague akijua kila mmoja unalinda nini na unaacha wazi nini.

3.0 Kisio lililosomwa kama hitimisho

Mwaka 1863 Speke alichapisha kumbukumbu za safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Ndani yake aliweka sura kuhusu asili ya watawala wa nchi za Maziwa Makuu, akidai kwamba walitokana na wafugaji waliotoka upande wa Ethiopia na kuwashinda wakulima waliowakuta. Mambo mawili katika sura hiyo yanastahili kuangaliwa. Kwanza, Speke mwenyewe aliiita hoja yake nadharia, na akakiri kwamba aliijenga juu ya maumbile ya watu alivyoyaona. Pili, safari ile ya mwaka 1860 hadi 1863 ilimpitisha Karagwe, Buganda na Bunyoro. Haikumpeleka ndani ya Burundi. Mwaka 1858, akiwa pamoja na Richard Burton, alikuwa amefika Uvira, ncha ya kaskazini ya ziwa Tanganyika, lakini hakuvuka kuingia milimani upande wa mashariki.

Katika maandishi yake yenyewe, basi, kulikuwa na mipaka miwili: mpaka wa uhakika na mpaka wa mahali. Yote miwili ilipotea kadiri hoja ilivyonukuliwa. Charles Seligman alipochapisha kitabu chake kuhusu mbari za Afrika mwaka 1930, dai kwamba ustaarabu wa Afrika uliletwa na Wahamiti lilikuwa limekwisha kupewa sura ya elimu iliyothibitishwa. Kisio la msafiri lilikuwa limegeuka msingi ambao wengine walijengea.

Wakati huohuo Ubelgiji ilikuwa ikiitawala Ruanda-Urundi kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na ilianza kupanga upya maeneo ya machifu. Sababu hazikuwa moja. Serikali ilitaka maeneo machache na makubwa, machifu waliosoma, na ukusanyaji wa kodi ulio rahisi. Hata hivyo, ilipofika kuamua nani ana kipaji cha kutawala, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa vitabuni. Joseph Gahama, katika uchunguzi wake wa utawala wa Kibelgiji uliochapishwa mwaka 1983, anaonyesha kwamba mwaka 1929 machifu wa Kihutu walikuwa 27 kati ya 133, karibu moja ya tano. Mwaka 1945 hakuwapo hata mmoja. Nafasi zilikuwa zimebaki kwa Baganwa na Watutsi.

Itakuwa kosa kumtwika Speke peke yake mzigo huo, na kwa kufanya hivyo makala haya yangeangukia katika kosa lilelile linalojadiliwa. Linaloweza kusemwa ni dogo zaidi, nalo linatosha: dai lililotolewa kama kisio kuhusu nchi nyingine lilitumika, miaka zaidi ya 60 baadaye, kana kwamba ni matokeo kuhusu Burundi. Neno nadharia lilikuwapo, lakini lilisimama kando ya dai. Wanukuzi walichukua dai na kuliacha neno hilo mahali lilipokuwa.

4.0 Namba iliyobeba hitimisho: orodha ya wafalme

Kisa cha pili ni cha kitaaluma zaidi. Wafalme wa Burundi walipokezana majina manne ya kiti kwa mzunguko: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Orodha iliyoenea wakati wa ukoloni ilihesabu mizunguko minne tangu Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme. Kwa hesabu hiyo, aliyetia saini mkataba wa Kiganda na Wajerumani mwaka 1903 ni Mwezi wa IV Gisabo, aliyetawala kuanzia mwaka 1915 hadi 1966 ni Mwambutsa wa IV, na mwanawe aliyekalia kiti miezi michache ya mwaka 1966 ni Ntare wa V.

Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi nchini Burundi mwishoni mwa miaka ya 1950, alifikia matokeo tofauti. Masimulizi ya watu yaliwakumbuka vizuri wafalme wa karibu na yalimkumbuka mwanzilishi, lakini katikati palikuwa patupu. Alihoji kwamba ushahidi ulithibitisha mizunguko miwili tu, na kwamba ufalme ulianza karibu na mwisho wa karne ya 17. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili inazidi karne moja. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu masimulizi ya jadi ya Burundi alieleza kwa kina kwa nini masimulizi hayo hayawezi kubebeshwa tarehe za mbali: jamii iliyotawaliwa na wana wa mfalme waliogombea maeneo haikuwa na haja ya kutunza historia rasmi iliyo ndefu, kinyume na ilivyokuwa katika baraza la mfalme wa Rwanda.

Mjadala huo haukumalizwa na kitabu kimoja. Wanahistoria waliofuata, akiwamo Émile Mworoha na wenzake walioandika historia ya Burundi iliyochapishwa mwaka 1987, waliupanua uwanja wa vyanzo na kuyapima masimulizi upya. Linalohusu makala haya ni hatima ya hitimisho la kila upande. Hoja ya Vansina ilihitaji kurasa nyingi za maelezo kuhusu aina ya masimulizi, wasimulizi na maeneo yao. Orodha ndefu ilihitaji alama moja tu ya Kirumi baada ya jina. Anayeandika “Mwambutsa wa IV” katika kitabu cha shule anarudia hitimisho la kihistoria bila kujua kwamba ni hitimisho, kwa sababu limefichwa ndani ya jina. Leo hata wanaokubali mizunguko miwili hulazimika kutumia namba za mizunguko minne ili waeleweke.

Funzo lake ni gumu kidogo. Haitoshi kwa mtafiti kuwa mwangalifu; uangalifu wake lazima upewe umbo fupi la kuweza kunukuliwa. Hitimisho lenye mipaka sahihi lakini lisilonukulika hushindwa na hitimisho pungufu lenye maneno machache. Vansina hakukosa ushahidi wala hakukosa staha ya kuonyesha mipaka yake. Kilichokosekana ni namna fupi ya kuutaja mpaka huo, kama vile kumtaja mfalme kwa jina lake la kiti na jina lake binafsi, Mwezi Gisabo au Ntare Rugamba, bila namba. Namna hiyo ipo, na hoja ya kuiendeleza si ya mapambo: jina lisilo na namba halidai lisilothibitika.

5.0 Hitimisho lenye ngazi: ripoti ya mwaka 1996

Kisa cha tatu ni kizito kuliko vyote, na kinatajwa hapa kwa ajili ya muundo wake, si kwa lengo la kuhukumu upya yaliyotokea. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na mauaji makubwa yakafuata nchini. Tarehe 28 Agosti 1995 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 1012, liliunda tume ya kimataifa ya kuchunguza mauaji ya rais na ya watu waliouawa baada yake. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1996. Tume ilieleza wazi kwamba ilifanya kazi katika hali mbaya ya usalama, kwa muda mfupi na kwa nyenzo chache.

Hitimisho lake lina ngazi. Katika ngazi ya kwanza, tume ilitamka kwamba ushahidi ulitosha kuthibitisha kuwa vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanywa dhidi ya Watutsi kuanzia tarehe 21 Oktoba 1993, kwa uchochezi na ushiriki wa baadhi ya watumishi na viongozi wa chama cha FRODEBU hadi ngazi ya tarafa. Papo hapo ikaongeza kwamba ushahidi haukuiruhusu kuamua iwapo viongozi wa ngazi ya juu zaidi walipanga au kuamuru vitendo hivyo. Katika ngazi ya pili, ilitamka kwamba askari wa jeshi na jandarmeri, pamoja na raia wa Kitutsi, waliwaua Wahutu bila kuchagua, wanaume, wanawake na watoto. Ikasema haikupata ushahidi kwamba mauaji hayo yalipangwa kutoka juu, lakini ilikuwa imethibitika kwamba wakuu wa jeshi hawakufanya juhudi yoyote ya kuyazuia, kuyachunguza wala kuyaadhibu. Katika ngazi ya tatu, ilikumbusha kwamba kipindi ilichopewa kilikuwa kifupi, na kwamba iwapo sheria ya kimataifa ingetumika, uchunguzi usiishie mwaka 1993 bali uhusishe pia matukio ya nyuma, hasa ya mwaka 1972.

Yapo mengi yaliyobishaniwa kuhusu ripoti hiyo, na ubishani huo ni haki ya wasomaji wake. Lakini muundo wa hitimisho lake unastahili kufundishwa. Kila dai limefungwa pamoja na mpaka wake: nini kimethibitika, hadi ngazi gani ya uongozi, nini hakikuweza kuamuliwa, na nini kilikuwa nje ya kipindi kilichochunguzwa. Anayetaka kuitumia ripoti hiyo kwa upande mmoja analazimika kuikata sentensi, na mkato huonekana na yeyote anayefungua ripoti yenyewe. Hapo ndipo penye tofauti na kisa cha Speke. Mpaka ulio ndani ya dai hauzuii upotoshaji, bali huufanya uonekane.

Jambo jingine linajitokeza. Kusema “haikuweza kuamuliwa” si sawa na kusema “haikutokea”. Katika lugha ya sera maneno hayo mawili huchanganywa mara kwa mara, na kila mara yanapochanganywa kuna mtu anayepoteza haki yake: mwathirika anayeambiwa kuwa hakuna lililotokea, au mtuhumiwa anayehukumiwa kwa jambo ambalo halijachunguzwa. Hitimisho linalotofautisha yasiyojulikana na yasiyokuwapo linawalinda wote wawili.

6.0 Buyenzi, Kinanira na neno “Bujumbura”

Visa vilivyotangulia vinahusu matukio makubwa. Cha nne kinahusu uandishi wa kila siku wa makala za Kiswahili, na kinaonyesha kwamba tatizo ni lilelile.

Kiswahili kiliingia Burundi kwa njia ya ziwa na ya kambi. Wafanyabiashara kutoka Ujiji, askari na wapagazi wa Wajerumani waliojenga kituo cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na familia zenye asili ya Manyema walikusanyika katika makazi ambayo chini ya Wabelgiji yalipangwa kuwa mitaa ya Waafrika mjini. Buyenzi ndio mtaa unaojulikana zaidi kwa historia hiyo. Misikiti yake, biashara zake na lugha yake vimeufanya uitwe mtaa wa Waswahili. Kwa upande mwingine, katika Kirundi neno Umuswahili lilibeba kwa muda mrefu maana ya mjanja asiyeaminika, na dharau hiyo iliathiri nafasi ya lugha yenyewe.

Kinanira ina historia nyingine. Ni eneo la makazi kusini mwa jiji, linalogawanywa Kinanira I, II na III, lililoingia katika mji baadaye na lisilotokana na kambi za zamani. Wakazi wake hawakuunganishwa na biashara ya Ujiji wala na kambi ya askari. Kwa hiyo, anayetaka kujua Kiswahili kina nafasi gani Kinanira hawezi kupata jibu kwa kusoma kuhusu Buyenzi, ijapokuwa mitaa yote miwili iko ndani ya jiji moja.

Chukua utafiti wa kudhaniwa. Mtafiti anawahoji wauzaji na wanunuzi katika soko la Buyenzi, anagundua kwamba wengi wao hutumia Kiswahili kuuziana, kisha anaandika mwishoni: “Utafiti huu umethibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya wakazi wa Bujumbura, hivyo serikali ikifanye lugha ya kufundishia.” Data inaweza kuwa safi kabisa, na sentensi hiyo bado ikawa na miruko mitatu: kutoka soko hadi mtaa, kutoka mtaa hadi jiji, na kutoka matumizi ya sokoni hadi ufundishaji darasani. Mkazi wa Kinanira amehesabiwa bila kuulizwa. Mtoto wake ndiye atakayepokea vitabu na mwalimu kwa mujibu wa sentensi hiyo.

Hitimisho la data hiyohiyo lingeweza kusomeka hivi: “Katika soko la Buyenzi, mtaa wenye historia ndefu ya Kiswahili, wengi wa waliohojiwa hutumia Kiswahili kuuziana bidhaa. Matokeo haya hayaonyeshi hali ya mitaa isiyo na historia hiyo, kama vile Kinanira, wala hayapimi iwapo wanaouziana kwa Kiswahili wangeweza kusoma hesabu au sayansi kwa lugha hiyo.” Kauli hii haipunguzi thamani ya utafiti. Inamwambia mshauri wa sera anachoweza kukitumia mara moja, kwa mfano katika elimu ya afya au ya biashara sokoni, na anachopaswa kukiagizia utafiti kabla ya kukiamua.

Umuhimu wa jambo hili unaongezwa na hali ya sera. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Kiswahili kiliingizwa katika mitaala ya shule za msingi za Burundi katika kipindi hichohicho. Hata hivyo, sheria ya hadhi ya lugha ya mwaka 2014 ilizitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Pengo kati ya nia ya kikanda na sheria ya nchi ndilo eneo ambamo washauri huomba utafiti uwaongoze. Wapenzi wa Kiswahili wana kishawishi cha kuwapa kauli pana kuliko data, wakiamini kwamba lengo ni jema. Lakini kauli pana ikianguka mbele ya mwalimu wa Kinanira ambaye darasa lake halifanani nayo, inaanguka pamoja na imani ya wasomaji katika makala nyingine zote za Kiswahili.

Kuna pia suala la lugha ya mipaka. Kifaransa kina umbo la kitenzi linaloonyesha kwamba habari imepokewa na haijathibitishwa. Kirundi kina neno “ngo” la kuonyesha kwamba kinachosemwa ni cha mwingine. Kiswahili sanifu hakina umbo moja la kitenzi la kazi hiyo; hutumia maneno kama huenda, yamkini, yaelekea, inasemekana na kwa mujibu wa, huku “eti” ikibeba kejeli isiyofaa katika maandishi ya kitaaluma. Tofauti hii ina athari. Tasnifu ya Kifaransa inapofupishwa kwa Kiswahili, shaka iliyokuwa ndani ya kitenzi hudondoka kwa urahisi, kwa sababu mfasiri analazimika kuongeza neno zima ili kuitunza, na muhtasari huchukia maneno ya ziada. Mfasiri anayeona “huenda” kuwa pambo ameligeuza kisio kuwa hitimisho, kama walivyofanya wanukuzi wa Speke, ijapokuwa kwa kiwango kidogo zaidi.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Visa vinne vilivyojadiliwa vinaruhusu kusema mambo mawili. La kwanza, katika maandishi kuhusu Burundi mpaka wa ushahidi uliosimama kando ya dai ulipotea katika kunukuliwa, kama ilivyokuwa kwa nadharia ya Speke, au ulishindwa na umbo fupi zaidi, kama ilivyokuwa kwa orodha ya wafalme. La pili, mpaka uliofungwa ndani ya dai, kama katika ripoti ya mwaka 1996, unampa msomaji njia ya kuutambua upotoshaji unapofanywa. Visa vinne haviruhusu kusema kwamba ndivyo ilivyo katika maandishi yote ya eneo hili, wala kwamba uandishi bora peke yake ungezuia maamuzi ya kikoloni yaliyokuwa na sababu nyingine pia. Nafasi ya Kiswahili Kinanira inabaki kuwa swali la kuchunguzwa Kinanira kwenyewe.

Kutokana na hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwa waandishi: sentensi kuu ya hitimisho itaje mahali, watu na kipindi ambacho data inakihusu, na sentensi inayofuata mara moja itaje kisichoweza kusemwa. Sehemu ya “upungufu wa utafiti” iliyowekwa kurasa nyingi kabla ya hapo haitoshi. Kwa wahariri wa vitabu vya makongamano: hitimisho na mapendekezo vipewe aya tofauti, na mpitiaji wa makala aulizwe swali moja la ziada, yaani, sentensi hii ikisomwa peke yake itabaki kuwa kweli? Kwa washauri wa sera na wafasiri wao: maneno ya kadiri kama huenda na yaelekea yahesabiwe kuwa sehemu ya matokeo, na yasiondolewe katika muhtasari wowote unaopelekwa kwa waamuzi.

Watunzi wa tenzi walitaja mwaka na idadi ya beti kwa sababu hawakujua nani angenakili baada yao. Mtafiti wa leo naye hajui, na wanaonakili kauli yake ni wengi zaidi na wana haraka zaidi.